Waulizwa, Huondoki

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na saba ya mwezi wa Tatu, saa nne asubuhi, pale wingu moja lilipovuka mpaka bila kibali.

Nalikumbuka wingu lenyewe. Lilikuwa jeusi, limeshiba, linakwenda polepole kama mtu aliyetoka kula. Mimi nilikuwa napanga tanuri, maana kazi yangu ni kuchoma matofali, na mke wangu Mwanamvua alikuwa anaanua nguo mbiombio akidhani tumepona. Wingu likapita juu ya bati letu, halikutusalimu, likaenda zake ng'ambo na kumwaga maji yote kwenye mahindi ya jirani.

Nchi yetu ilikuwa na ukame wa muda mrefu. Wataalamu walikuwa wameshasema kwamba mvua imekataa kuja kwa sababu msitu wote wa Serikali ulikatwa kutengenezea viti vya wabunge. Wataalamu hao walipumzishwa, na mpaka leo wanapumzika, na hakuna ajuaye wanapumzikia wapi. Kwa hiyo mchana ule ilibidi Mtukufu Baba wa Upeo, ndivyo tunavyoagizwa kumwita Rais wetu, aeleze mwenyewe.

"Ndugu wananchi!" akanguruma redioni. "Wingu lile lilizaliwa hapa! Likalelewa hapa! Likanenepeshwa kwa jasho letu! Leo jirani amelirubuni, nalo limekwenda! Je, tukae kimya mawingu yetu yakitoroshwa mchana kweupe?"

Tukapiga makofi. Kwetu makofi hupigwa hata redioni, kwa sababu kuna askari wanaopita nyumba hadi nyumba kukagua wekundu wa viganja.

Ndipo vikaanza Vita vya Kurudisha Mawingu.

Waliochukuliwa kwanza ni watu wenye ngazi. Wa pili tulikuwa wachoma matofali, kwa kuwa tumezoea moshi, na moshi, alisema Waziri wa Vita, ni ndugu wa damu wa wingu. Siku ya kuondoka Mwanamvua alinisindikiza hadi mlangoni, akaegemea kizingiti.

"We Shekue," akaniambia, "hilo wingu mkilikamata mtalifunga na nini?"

"Sijaambiwa."

"Basi urudi kabla hawajakuambia."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

*

Tulitekwa wakati wa chakula. Yaani chakula chao, maana sisi hatukuwa nacho. Tulisikia harufu ya maharage kutoka upande wa pili wa kilima, tukaifuata kwa mpangilio mzuri wa kijeshi, na tulipofika tukaambiwa tuweke chini silaha. Tuliweka chini zote mbili.

Wakatufungia katika kiwanda cha sabuni kilichokufa zamani, huko kwao. Tukasema haidhuru, nyumbani watajua tuko hai, watatudai. Walinzi walikuwa na redio, na jioni tukamsikia Waziri wetu wa Vita akitoa taarifa.

"Uvumi umeenea kwamba askari wetu wametekwa. Napenda kulihakikishia taifa kwamba askari wetu hatekwi. Aliyetekwa si askari wetu. Na askari wetu asiyeonekana ni shujaa aliyekufa. Kwa hiyo wote wamekufa, na hali ni shwari."

Kisha tukasikiliza mazishi yetu. Yalikuwa mazuri. Majeneza yalijazwa matofali ili wabebaji watoe jasho la heshima, na nadhani yalikuwa matofali yangu, maana mtangazaji alisifu uzito wake. Wake zetu walivishwa mikanda ya bluu iliyoandikwa MJANE WA FURAHA, wakapangwa mstari wa mbele, wakaamriwa wasilie.

Hivyo ndivyo Mwanamvua alivyofiwa na mimi, nami niko hai, nakaa juu ya pipa la magadi, namsikiliza asivyolia.

Baada ya mazishi yale wenzetu wakaanza kufa kweli. Hawakupigwa risasi. Mtu alikuwa anakunywa uji wake, anaufuta mdomo, anageukia ukuta, basi. Ungemuuliza una nini angekwambia, "Nimeshazikwa, unataka nifanye nini tena?" Njaa ilikuwepo, mbu walikuwepo, lakini kilichowamaliza ni ile taarifa. Mimi husema hivyo mbele ya yeyote: kabla ya adui kutugusa, Waziri wetu alikuwa ameshatupiga shabaha.

Aliyetuzuia kufa ni Koplo Chande. Kabla ya vita, Chande alikuwa msimamizi wa malumbano ya mashairi katika harusi. Kwetu harusi haijawa harusi mpaka upande wa bwana na upande wa bibi waulizane kwa mashairi, na kuna sharti moja ambalo hata Mtukufu hajathubutu kulifuta: ukiulizwa kwa beti, huondoki uwanjani mpaka ujibu, kwa vina vilevile. Nimeona watu wazima wamelala kwenye uwanja wa harusi wakitafuta kina. Nimeona bwana harusi akichelewa chumbani kwa sababu shangazi wa bibi kamuuliza na yeye kichwa kimekuwa kitupu. Watu wanacheka, lakini hakuna anayeondoka.

Siku ile aliyegeukia ukuta alikuwa Ndaro, mpishi wa kikosi, mtu mnene aliyebaki mifupa. Chande akamwendea, akasimama juu ya kichwa chake, akakohoa kama anavyokohoa harusini.

Ukwapi weye mpishi, ukutani mna nini?
Ukuta hauna moshi, wala chungu mafigani,
Twataka yako mapishi, pilau ya harusini,
Waulizwa, huondoki, hadi utoe jawabu.

"Niache, Chande," Ndaro akasema. "Mimi nakufa."

"Kufa ni kuondoka. Umeulizwa."

"Nakufa bwana!"

"Jibu kwanza. Ama unataka watu waseme Ndaro alishindwa na kina cha *shi*?"

Tukamwona midomo yake inacheza. Alikuwa anahesabu mizani. Aliihesabu mchana kutwa, analaani mama zetu mmoja mmoja, na jua lilipokuwa linashuka akajiinua kwa kiwiko:

Mwaniitia mapishi, na mie hali ni duni,
Kitunguu hakitoshi, kikiwa cheupe ndani,
Nyama je, enyi wabishi, mwaificha mfukoni?
Mwaulizwa, hamwondoki, hadi mtoe jawabu!

Tukapiga kelele hadi walinzi wakaja mbio. Sasa deni la jibu lilikuwa letu, tena sote. Mtu atakufaje wakati Ndaro kamtuhumu kuficha nyama?

Kuanzia hapo Chande akatangaza sheria ya kiwanda: hakuna kulala bila kuulizwa. Kila jioni kila mtu anaulizwa beti yake, kesho anajibu na kumuuliza mwingine. Aliyeonekana kulegea aliulizwa na watu wawili kwa mpigo. Aliyekuwa na homa aliulizwa kwa vina vigumu, vya *gwa* na *nywe*, ili akae zaidi. Watu waliokuwa wamejiandaa kufa walikasirika sana. "Nitakufa nikimaliza hili," walikuwa wanasema, na halikuisha.

*

Tatizo la jirani yetu ni kwamba ni sisi wenyewe. Wanasema lugha yetu, wanaoa kama sisi, na sharti la beti wanalo. Serikali zetu mbili zimesahau jambo hilo, lakini mkuu wa kambi hakulisahau. Aliitwa Meja Ruhanda, mtu wa makunyanzi na buti zinazong'aa. Asubuhi moja alipita kukagua, na Chande, bakuli mkononi, akakohoa.

Meja mwenye nyota bega, uji huu mbona maji?
Twaunywa hatuna woga, twajionea mapaji,
Ni wa kunywa au koga? Tueleze, msemaji,
Waulizwa, huondoki, hadi utoe jawabu.

Meja akafungua mdomo aamuru Chande achapwe. Akaufunga. Walinzi wake wote walikuwa wanamtazama, nao ni watoto wa mama zao, wanajua sharti. Mmoja akamsogezea kiti.

"Hiki ni kiwanda," Meja akanong'ona, "si harusi."

"Ndiyo, afande," mlinzi akajibu. "Lakini ameuliza."

Alikaa pale hadi alasiri, kofia mapajani, kijasho kinamtoka. Chakula chake kikaletwa, kikapoa. Mwisho akasema hana la kujibu kuhusu uji ule, akaamuru walinzi watupikie maharage kuanzia kesho. Tulimkubalia jibu hilo ingawa halikuwa na vina.

Lakini makubwa ni yaliyofuata. Redio ya jirani ikapata habari, ikaja na mashine zake kuturekodi ili kuiaibisha Serikali yetu: hawa hapa marehemu wenu, wanatunga. Kila mmoja akapewa beti moja ya kupeleka nyumbani. Wengine waliwauliza mama zao, wengine majirani waliowaazima baiskeli. Mimi nilisogea kwenye kipaza sauti, mtu niliyesoma mpaka darasa la tatu, nikasema:

Mwanamvua wa moyoni, Shekue ndiye asema,
Sikufa kule vitani, mateka, bado mzima,
Mlango wetu nyumbani, u wazi au nahama?
Waulizwa, huondoki, hadi utoe jawabu.

Kisha nikakaa kungoja. Na kwa kuwa nilikuwa nangoja jibu, sikuweza kufa.

*

Yaliyotokea nyumbani nimeyapata kwa Bi Kidawa, jirani yetu muuza vitumbua, aliyekuwa na mke wangu hatua kwa hatua.

Mwanamvua aliisikia beti akiwa anapepeta mchele. Alitua ungo, akavua ule mkanda wa MJANE WA FURAHA, akaufanya kata ya kichwani, akabebea ndoo ya maji. Aliporudi kisimani alikuwa na jibu tayari. Akaenda moja kwa moja Redio ya Taifa, Bi Kidawa nyuma yake, wakafikishwa kwa Bwana Kilindo, Naibu Mkurugenzi wa Sauti, mtu wa tai yenye picha ya Mtukufu.

"Mama," Bwana Kilindo akaanza, "sauti uliyoisikia si ya mumeo. Mumeo ni shujaa. Mashujaa hawaongei."

"Huyu kaongea."

"Adui ana mashine za kuigiza sauti."

"Na hiyo mashine kaiambia nani kwamba mimi ni wa moyoni?"

"Adui anajua mengi, mama."

"Basi ananijua kuliko nyie. Nyie tangu mlangoni mnaniita 'we mjane'."

Bwana Kilindo akanyoosha tai. "Unataka nini hasa?"

"Nimeulizwa. Nataka nijibu niende zangu, nimeacha mchele. Nipe hicho chombo cha kusemea. Ni beti moja tu, haitamaliza umeme wenu."

"Kumjibu marehemu ni kuipinga Serikali iliyomtangaza."

"Mwanangu, wewe ulimwoa wapi mkeo? Hukuulizwa harusini?"

"Niliulizwa," Bwana Kilindo akasema, na Bi Kidawa anaapa kwamba hapo sauti ilimpungua. "Lakini hii ni ofisi."

Mwanamvua akatoka, akakaa kwenye ngazi za mbele. Askari wakamwambia aondoke. Akawaambia angeondoka kwa furaha, ila kaulizwa. Askari wakatazamana. Hawakumgusa.

Ndipo mvua ikanyesha.

Naam, mvua ile ile tuliyoipigania, iliamua kuja yenyewe. Lakini Wizara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza jua kwa wiki nzima, kwa kuwa vita havijashindwa bado na mawingu yalikuwa rasmi mikononi mwa adui. Kwa hiyo mvua haikuwepo. Aliyefungua mwavuli alikamatwa kwa kueneza uvumi. Bi Kidawa alijaribu kumfunika mke wangu kwa sinia la vitumbua, wakamnyang'anya sinia. Watu wakapita barabarani wamelowa chapachapa, wanafutana jasho, wanalalamikia joto.

Mke wangu alikaa katika mvua isiyokuwepo mpaka watu wakaanza kujaa, kwanza kumtazama, halafu kukaa naye. Hapo Serikali ikaona aibu ya umati, ikaunda Kamati ya Kusikiliza. Ilikuwa na watu watatu, mwenyekiti akiwa Bwana Kilindo. Mwanamvua akaingizwa chumba kisicho na dirisha, akasimama mbele yao anatetemeka kwa baridi, akatoa jibu lake.

Watatu hao walilisikia. Hakuna mwingine.

Akatoka, Bi Kidawa akamdaka. "Umewaambia nini?"

"Nimejibu."

"Ndiyo, lakini umesemaje?"

"We Kidawa! Jibu la mume wangu ulisikie wewe kabla yake? Wamesema watalitoa hewani wakishahakikisha kwamba muulizaji yupo. Utalisikia na watu wengine."

Wakaenda nyumbani, wakaweka redio karibu na kitanda. Redio ikasema habari za ushindi. Mwanamvua akaanza kukohoa, kichomi. Bi Kidawa akampeleka hospitali, daktari akampima, akaandika, akafuta. "Huyu kalowa," akanong'ona. "Siwezi kumpokea mgonjwa wa mvua. Hakuna mvua." Wakarudi. Redio ikasema hotuba ya Mtukufu kuhusu mbolea. Mke wangu akafa mbolea ikiendelea, na hakugeukia ukuta. Alikuwa ameigeukia redio.

Wapo wanaosema beti yangu ndiyo iliyomkalisha kwenye ngazi zile. Hao ni watu wanaolipwa na Wizara. Beti yangu ilihitaji dakika moja ya hewani. Walikuwa nayo. Waliitumia kwa mbolea.

*

Vita viliisha kwenye chakula cha mchana. Marais wawili walikutana, wakala, wakakubaliana kwamba mawingu ni wageni na mgeni haulizwi anakwenda wapi. Wakabadilishana saa za mkononi. Sisi tukafunguliwa. Meja Ruhanda alitusindikiza hadi mpakani, na mfukoni alikuwa na beti ya kumjibu Chande kuhusu uji, imekamilika, ina vina na yote. Akaisoma amesimama wima. Tukampigia makofi ya kweli, yale yasiyokaguliwa.

Mpakani kwetu ofisa akatazama majina yetu, akatikisa kichwa. "Nyinyi ni marehemu. Marehemu haingii nchini, hutoka."

Chande akakohoa. Ofisa, kusikia kikohozi kile, akainua kizuizi upesi kabla beti haijaanza.

Nikafika kwangu. Nyumba ilikuwa makumbusho. Bango limesema NYUMBA YA SHUJAA SHEKUE, USIGUSE. Na mlango haukuwepo. Walikuwa wameung'oa, wameupeleka mji mkuu kwenye Jumba la Ushindi, umesimamishwa peke yake ndani ya sanduku la kioo. Haukuwa wazi wala haukuwa umefungwa. Nilisimama pale mbele ya shimo la nyumba yangu, na Bi Kidawa akaja, akanieleza yote niliyowaeleza.

Sikulia pale. Wajane wa furaha hawalii. Nikaenda kumtafuta Bwana Kilindo.

"Wewe ni marehemu," akaniambia kwa upole. "Nakuheshimu sana."

"Mke wangu alijibu nini?"

"Ni siri ya taifa."

"Alikuwa ananijibu mimi, si taifa."

"Ndiyo, lakini alijibu ndani ya jengo la Serikali."

"Bwana Kilindo, alisema u wazi ama nihame? Neno moja tu."

Akatazama dirisha. Nikamwona anaishika tai, anafuta jicho kwa uso wa Mtukufu. Kisha akaita askari. Mwenzake mmoja wa ile Kamati, nimeambiwa, aliacha kazi siku ileile aliyolisikia jibu, akarudi kijijini kwa mke aliyekuwa amemtelekeza. Huyo naye nilimfuata. Akanikumbatia, akasema amekula kiapo, majina ya watoto wake yamo kwenye kiapo hicho. Wa tatu amepandishwa cheo, haonekani.

Basi nikakaa kwenye ngazi zilezile. Chande akaja akakaa. Ndaro akaja na sufuria. Kiwanda kizima cha marehemu kikajipanga, na mimi nikakohoa.

Kilindo uliye ndani, toka nje tukuulize,
Alosema kikaoni, mke wangu, tueleze,
Jibule li kifuani, litoe lisikuoze,

na barabara nzima, wauza karanga, wanafunzi, hadi askari wa zamu kwa sauti ya chini, wakaitikia:

Waulizwa, huondoki, hadi utoe jawabu!

Tangu siku ile Bwana Kilindo hajatoka kwa mlango wa mbele. Wamemtobolea ukuta wa nyuma. Kwa kuwa nyuma nako watu walikuja, wamemhamishia kitanda ofisini. Hawezi kuondoka, naye anajua kwa nini, maana kaoa.

Serikali imechukua hatua. Kuna amri mpya inayopiga marufuku kuuliza hadharani. Walimu sasa wanatoa mitihani yenye majibu matupu. Askari wa barabarani wakikusimamisha wanasema tu, "Unatoka mahali, unakwenda mahali," wanakupisha. Madaktari wanamwambia mgonjwa panapouma. Na msemaji wa Wizara ameeleza kwamba umati ulio kwenye ngazi ni watalii waliokuja kuona ngazi.

Sisi tupo. Mvua ikinyesha tunafungua miavuli, yote kwa mpigo, na mpaka sasa hawajapata lori la kutosha kutubeba. Ndaro kajifunza kupika pilau pale pale, kitunguu kimeiva vizuri. Kila asubuhi nanyanyuka, nakohoa, na wote walio ndani ya jengo lile wanaacha kuandika, kwa sababu wanajua ninachokuja kuuliza, nami sijachoka kukiuliza.

Mwanamvua alijibu nini?